Vyeti vya michezo kutoka Bujumbura hadi Beijing: kipi kiingie fungu gani

Halmashauri ikitangaza nafasi ya afisa michezo, au shule ikitafuta mwalimu wa elimu ya michezo hapa Kigoma, bahasha zinazofika hazifanani hata kidogo. Moja ina shahada ya ualimu katika elimu ya viungo na sayansi ya michezo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya pili imeandikwa Kifaransa na imetoka jirani tu, Bujumbura, ambako Chuo Kikuu cha Burundi kina taasisi nzima ya elimu ya viungo na michezo, IEPS. Ya tatu ni ya kijana aliyesomeshwa China kwa ufadhili, nayo inasema Shahada ya Elimu. Ya nne ni ya India na inaonyesha miaka miwili tu. Anayezichambua kwa kufuata jina lililoandikwa juu ya cheti atakosea angalau mbili kati ya hizo nne. Kosa lenyewe si dogo: ama anamnyima mtu kazi anayoistahili, ama anampa darasa mtu ambaye hajawahi kufundishwa kufundisha.

Jina la boti pale mwalo wa Kibirizi halikuambii limebeba dagaa au saruji, na cheti nacho ni hivyo hivyo. Kinachosema ukweli ni nakala ya matokeo: masomo, krediti za kila somo (kipimo cha muda wa kujifunza), na mahali mwanafunzi alipofanyia mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo pa kuanzia, na kwa kweli ndipo panapobeba karibu kazi yote.

Kabla ya lolote, tenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni fani: programu hii ilikuwa ya nini? La pili ni ngazi: ni stashahada, shahada ya kwanza, au ya uzamili? La tatu ni ruhusa: je, huko ilikotoka, mwenye cheti hiki anaruhusiwa kufanya kazi gani bila kuongeza kitu kingine? Majibu haya matatu hayategemeani. Mtu anaweza kuwa na ngazi ya juu katika fani sahihi na bado asiwe na ruhusa ya kusimama mbele ya darasa.

Mafungu manne, na la tano linalojificha

Wazungu walipoanza kulinganisha digrii zao baada ya makubaliano ya Bologna ya mwaka 1999, ya kuoanisha elimu ya juu Ulaya, walikuta kwamba programu za michezo ni vurugu kuliko nyingine nyingi. Mradi mmoja uliopewa jina AEHESIS, ulioratibiwa na Chuo Kikuu cha Michezo cha Ujerumani kilichoko Köln, ukazigawa katika maeneo manne: elimu ya viungo, ukocha, uongozi wa michezo, na afya na mazoezi. Mgawanyo huo bado ni mzuri kwa kazi ya mezani, kwa sababu kila eneo lina mwajiri wake. Elimu ya viungo ni ya shule. Ukocha ni wa klabu na timu za taifa. Uongozi ni wa mashirikisho, viwanja na ofisi za halmashauri. Afya na mazoezi ni ya jimu, hospitali na vituo vya utengamao, yaani vya kumrejeshea mtu uwezo wa mwili.

Fungu la tano ni la sayansi tupu ya mwendo wa mwili: fiziolojia ya mazoezi, biomekanika, saikolojia ya michezo. Waliosoma hivi wameandaliwa kwa maabara na utafiti. Programu yenyewe hujificha ndani ya lile la afya, au ndani ya ukocha, au hujiita kinesiolojia. Huko Marekani kuna sababu ya kihistoria. Mwaka 1964 Franklin Henry wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika makala akitetea kwamba elimu ya viungo ni taaluma inayojitegemea yenye maarifa yake, si maandalizi ya walimu peke yake. Miaka iliyofuata idara nyingi zikaacha jina la elimu ya viungo na kuchukua la kinesiolojia au sayansi ya mazoezi. Ndiyo maana cheti cha miaka ya sabini na cha leo kutoka chuo kile kile vinaweza kuwa na majina mawili tofauti.

Mfumo wa UNESCO na kanuni inayowaponza wengi

Kwa kulinganisha nchi na nchi, kipimo kinachotumika zaidi ni orodha ya fani ya UNESCO ya mwaka 2013, ISCED-F. Ina tarakimu nne: mbili za mwanzo ni eneo pana, ya tatu inalipunguza, ya nne inataja fani yenyewe. Namba unazozihitaji kwa michezo ni chache. 1014 ni michezo, nayo iko ndani ya eneo pana la 10, huduma. 0114 ni mafunzo ya ualimu wenye somo maalumu, na 0113 ni ualimu usio na somo maalumu. 0915 ni tiba na utengamao. 1015 ni utalii, safari na burudani. 0413 ni menejimenti na utawala.

Kanuni ya jumla ni nyepesi: fani inayochukua zaidi ya nusu ya krediti, au ya muda wa kujifunza, ndiyo inayoipa programu namba yake. Pasipo fani iliyovuka nusu, kuna namba za programu mseto zinazoishia na 88, mathalani 0188 kwa mseto unaoegemea elimu.

Ila ualimu una kanuni yake, na hapa ndipo makarani wengi wanapojikwaa. Programu inayoandaa mwalimu wa elimu ya viungo huingia 0114 hata kama masomo ya michezo ndani yake ni mengi kuliko ya ualimu. Kinachotazamwa ni lengo. Chukua mfano wa kutunga wa programu yenye krediti 360: michezo na sayansi zake 170, somo la pili la kufundishia 80, malezi, saikolojia ya elimu na mbinu za kufundisha 80, mazoezi ya kufundisha shuleni 30. Ukihesabu kwa kanuni ya nusu, michezo ina asilimia 47, ualimu mtupu 31, na utaishia kuiita mseto. Huo ni upotofu. Hapo kuna mbinu za kufundisha na kuna mafunzo shuleni, kwa hiyo ni 0114, mjadala umekwisha.

Upande wa pili wa kanuni hiyo hiyo: programu ya sayansi ya michezo isiyo na saa hata moja ya kufundisha shuleni inabaki 1014, hata kama wahitimu wake wengi huishia kuwa walimu baada ya kuongeza cheti cha ualimu. Hicho cheti cha nyongeza ndicho cha 0114. Usiyaunganishe mawili ukaandika namba moja.

Kuichambua nakala ya matokeo, hatua kwa hatua

Kaa na nakala, kalamu, na karatasi yenye safu tano. Safu ya kwanza andika U kwa ualimu: saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundisha, upimaji, mazoezi ya kufundisha. Ya pili M kwa michezo yenyewe na ukocha: nadharia ya mafunzo ya mwanamichezo, riadha, soka, kuogelea, uamuzi, mafunzo kwa vitendo klabuni. Ya tatu S kwa sayansi ya mwili: anatomia, fiziolojia, biomekanika, lishe. Ya nne T kwa tiba na utengamao: majeraha, masaji, mazoezi kwa wagonjwa, mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ya tano G kwa uongozi: masoko, sheria za michezo, fedha, usimamizi wa viwanja na matukio. Masomo ya jumla, yaani lugha, kompyuta, takwimu, mbinu za utafiti, yaweke pembeni. Yapo karibu katika kila digrii na hayasaidii kutofautisha.

Sasa jumlisha krediti, siyo idadi ya masomo. Hili ni kosa la kila siku. Nakala inaweza kuwa na masomo kumi ya michezo ya vitendo yenye krediti 2 kila moja, na masomo manne ya fiziolojia yenye krediti 8 kila moja. Kwa macho michezo imeshinda, kumi kwa manne. Kwa krediti imeshindwa, 20 kwa 32.

Mfano mwingine wa kutunga, wa digrii ya Ulaya yenye krediti 180 inayoitwa kwa kifupi Sayansi ya Michezo: S ina 54, ukocha 48, michezo ya vitendo 30, mafunzo klabuni 12, uongozi 12, takwimu na utafiti 18, lugha na hiari 6. Fungu la M ni 48 na 30 na 12, jumla 90. Ukigawa kwa 180 unapata nusu kamili, na nusu kamili haijavuka nusu. Ondoa zile 24 za jumla, zinabaki 156, na 90 kati ya 156 ni karibu asilimia 58. Namba ni 1014, na kwenye mafungu manne ni ukocha. Andika pembeni kwamba umeondoa masomo ya jumla, maana mwenzako asipojua atarudia hesabu na kupata jibu tofauti.

Somo lenye jina la kutatanisha, tazama lilifundishwa kwa ajili ya nini. Fiziolojia ya mazoezi ndani ya programu ya makocha inapima uwezo wa mwanariadha. Ndani ya programu ya utengamao inapima mgonjwa wa moyo. Jina ni moja, safu ni mbili. Pasipokuwa na maelezo ya somo, mahali pa mafunzo kwa vitendo patakuambia. Aliyepelekwa shule ni mwalimu, aliyepelekwa klabu ni kocha, aliyepelekwa wodini ni mtu wa tiba, na aliyepelekwa ofisi ya shirikisho ni mtu wa uongozi. Ukikosa muda wa kufanya yote haya, soma mstari huo mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Hukosea mara chache kuliko jina la digrii.

Nchi kwa nchi, penye mitego

China imeweka michezo yote ndani ya eneo la elimu katika orodha yake ya kitaifa. Kundi 0402 lina elimu ya viungo, mafunzo ya mchezo, uongozi wa michezo ya jamii, wushu na michezo ya jadi, sayansi ya mwili wa mwanamichezo, na mengine. Kwa kuwa kundi zima liko chini ya elimu, mhitimu wa mafunzo ya mchezo, ambaye kwa kweli ni kocha, hupewa Shahada ya Elimu sawa na mwalimu. Usitazame jina la digrii, tazama fani ndogo: 040201 ni elimu ya viungo, huyo ni mwalimu. Namba inayoanza 040202 ni mafunzo ya mchezo. Wengi wanaorudi kutoka Beijing au Wuhan wanakataliwa au kukubaliwa kimakosa kwa mstari huu mmoja. Tarakimu nne za mwanzo, 0402, zisikuchanganye pia. Hazihusiani na namba za UNESCO.

India ina mtego wa miaka. Digrii yao ya elimu ya viungo, B.P.Ed., kwa viwango vya baraza lao la elimu ya ualimu vya mwaka 2014 ni ya miaka miwili, na mtu huisoma baada ya kumaliza digrii ya kwanza ya fani nyingine. Ukiona miaka miwili ukaishusha kuwa stashahada umemdhulumu mwenye nayo, kwa sababu ana digrii mbili. Omba cheti cha ile ya kwanza. Ipo pia B.P.Ed. ya miaka minne inayoanzia sekondari. Taasisi ya Gwalior iliyoanzishwa mwaka 1957, LNIPE, inajulikana kwa hiyo. Herufi ni zile zile, njia ni mbili.

Brazil kuna mpangilio ambao sisi tunaupenda kwa uwazi wake. Kwa azimio la baraza lao la elimu la Desemba 2018, kozi ya elimu ya viungo ina saa 3,200. Saa 1,600 za mwanzo wote husoma pamoja, kisha kila mmoja huchagua: licenciatura kwa shule, au bacharelado kwa jimu, klabu na afya, kwa saa 1,600 zilizobaki. Mwenye bacharelado si mwalimu wa shule. Tafsiri za Kiingereza zinazofika huku huandika zote mbili kwa jina moja la digrii ya elimu ya viungo, kwa hiyo dai cheti chenyewe cha Kireno, usome neno lililoandikwa.

Urusi inatumia namba. 49.03.01 ni utamaduni wa viungo, 49.03.02 ni ule wa watu wenye ulemavu na mahitaji ya kiafya, 49.03.03 ni burudani na utalii wa michezo, 49.03.04 ni michezo. Mwalimu wa shule mara nyingi hatoki kundi la 49. Anatoka 44.03.01 au 44.03.05, ambalo ni kundi la ualimu, na hiyo ya pili ni ya masomo mawili kwa miaka mitano. Namba huandikwa kwenye diploma yenyewe, hivyo Urusi ni rahisi kuliko inavyoogopwa.

Ufaransa wana STAPS, jina moja la kitaifa lenye matawi: elimu na mwendo, mafunzo ya wanamichezo, mazoezi kwa afya, uongozi wa michezo, na ergonomia ya michezo. Ni miaka mitatu, krediti 180. Tawi la elimu na mwendo humwelekeza mtu kwenye ualimu, ila ualimu wa shule za serikali huko unapatikana kwa mtihani wa ushindani uitwao CAPEPS. STAPS peke yake, hata ya tawi la elimu, haikupi darasa.

Ujerumani ni vivyo hivyo kwa njia nyingine. Mwalimu husoma masomo mawili, shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, kisha mafunzo ya kazi yanayoitwa Referendariat. Anayekuja na shahada ya kwanza ya ualimu wa Ujerumani yuko nusu ya safari ya kwao.

Uingereza, digrii ya miaka mitatu ya sayansi ya michezo na mazoezi si ya ualimu. Wengi huongeza mwaka mmoja wa PGCE, cheti cha ualimu cha baada ya digrii, wenye hadhi ya mwalimu. Kitu kingine cha huko: jina la mtaalamu wa fiziotherapia linalindwa kisheria, la mtaalamu wa tiba ya michezo halilindwi. Digrii zenye jina hilo la pili zisiingizwe 0915 kwa haraka kabla ya kuona saa za hospitali.

Marekani wana orodha yao ya fani, CIP, ya tangu mwaka 1980, toleo la sasa ni la 2020. Walimu wa elimu ya viungo wako 13.1314, ndani ya elimu. Uongozi wa michezo uko 31.0504, sayansi ya mazoezi na kinesiolojia 31.0505. Fiziolojia ya mazoezi, 26.0908, imewekwa na biolojia. Wahudumu wa majeraha ya wanamichezo wako 51.0913, pamoja na fani za afya, na programu za kuingilia kazi hiyo zimehamia ngazi ya uzamili. Uzuri wa CIP ni kwamba chuo chenyewe hujitangaza kwa namba. Namba hiyo ukiijua umemaliza nusu ya kazi.

Kenya, jirani zetu, wana mtego wa kimya. Mwalimu wa sekondari kule husoma masomo mawili ya kufundishia kwa miaka minne, na elimu ya viungo inaweza kuwa mojawapo. Cheti kitasema tu Shahada ya Elimu, ya Sanaa au ya Sayansi, bila kutaja michezo popote. Karani akitafuta neno michezo juu ya cheti atamtupa nje mtu sahihi kabisa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinatoa pia digrii ya sayansi ya mazoezi na michezo, ambayo ni kitu kingine na haina darasa ndani yake. Uganda, Kyambogo ina digrii ya uongozi wa michezo na burudani. Hiyo ni ya ofisi na viwanja.

Afrika Kusini wana kazi iitwayo biokinetiki, mazoezi kwa ajili ya utengamao, inayosajiliwa na baraza lao la taaluma za afya. Ni ya upande wa tiba, si ya ukocha, ingawa wengi wanaoisoma wanatoka idara za michezo.

Lisansi za maziwa makuu

Kwa Kigoma hili linastahili nafasi yake peke yake, maana vyeti vya Bujumbura, Lubumbashi na Bukavu vinatufikia kuliko vya Köln. Lisansi ni jina la digrii katika nchi za Kifaransa, ila urefu wake haulingani. Ya Ufaransa ni miaka mitatu. Lisansi ya Kongo ya mfumo wa zamani ilikuwa mwaka wa tano: mitatu ya graduat, miwili ya lisansi. Ya Burundi ya mfumo wa zamani ilikuja baada ya miaka miwili ya kandidatura, na miwili ya lisansi yenyewe. Burundi ikahamia mfumo wa BMD (baccalauréat, uzamili, uzamivu), ambamo shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu na krediti 180 na inaitwa baccalauréat, jina ambalo Ufaransa ni mtihani wa kumaliza sekondari. Kongo nayo imeingia LMD (lisansi, uzamili, uzamivu), na lisansi yake mpya ni ya miaka mitatu.

Kwa hiyo mbele ya cheti cha Kifaransa cha ukanda huu, kitu cha kwanza ni mwaka wa kutolewa, cha pili ni idadi ya miaka ya masomo kwenye nakala. Mwenye graduat ya zamani ya Kongo na mwenye lisansi mpya wote wana miaka mitatu baada ya sekondari, ila vyeti vyao si kimoja. Mwenye lisansi ya zamani amesoma zaidi ya wote wawili. Ukiviweka vyote kwenye mstari mmoja wa digrii, umemwonea mmoja na kumpendelea mwingine.

Ngazi na krediti: namba zinazofanana zisizo sawa

Tanzania shahada ya kwanza ni ngazi ya 8, uzamili 9, uzamivu 10. Kenya shahada ya kwanza ni ngazi ya 7. Kwa UNESCO shahada ya kwanza ni ngazi ya 6, uzamili 7, na 8 ni uzamivu. Fomu ikiuliza ngazi bila kusema ya mfumo gani, mtu wa digrii moja anaweza kusomeka daktari wa falsafa. Andika namba na jina la mfumo, daima pamoja.

Krediti zina balaa lake. Hapa kwetu krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu ni angalau krediti 360, maana yake saa 3,600. Uingereza pia 360 za saa 10. Ulaya krediti 1 ni saa 25 hadi 30, digrii ya 180 ni saa 4,500 hadi 5,400. Marekani digrii ni kama krediti 120. Ukichukua saa moja darasani na mbili za kujisomea kwa wiki, kwa wiki 15, krediti 1 inakuwa saa 45 na digrii nzima saa 5,400. Anayelinganisha 120 na 360 na kusema ya Marekani ni theluthi ya yetu ameshika namba bila kipimo chake. Badilisha kwanza iwe saa, au afadhali zaidi tumia asilimia za programu, kama tulivyofanya juu, kwa sababu asilimia hazijali krediti ina saa ngapi.

Ruhusa, na vyeti visivyo digrii

Leseni za ukocha za CAF, kuanzia D hadi Pro, si digrii na haziingii kwenye ngazi za elimu ya juu. Wala digrii ya ukocha si leseni. Klabu ya Ligi Kuu kama Mashujaa hapa Kigoma itauliza leseni kwa mujibu wa kanuni za mpira. Halmashauri itauliza cheti cha chuo. Ziweke safu mbili, kila moja na tarehe yake, kwani leseni huisha muda na digrii haiishi.

Stashahada ya Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, ni ngazi ya 6 ya Tanzania. Tukishaandika 6, mtu wa nje anayeijua 6 ya UNESCO ataisoma kama digrii. Ndiyo sababu tunasisitiza jina la mfumo.

Kutambuliwa rasmi ni kazi ya ofisi tatu tofauti. Cheti cha sekondari cha nje kinapelekwa NECTA kwa ulinganisho. Stashahada ni ya NACTVET. Digrii ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mtu wa Bujumbura anayetaka kuendelea na chuo hapa atapita kwa mbili kati yake, na akianza na TCU bila kushughulikia sekondari kwanza, faili litakaa. Nakala ya matokeo ya kila mwaka iwepo, siyo ya mwaka wa mwisho peke yake, na tafsiri iwe imethibitishwa. Anayetafsiri aambiwe asitafsiri jina la digrii kwa kukisia: aliache kama lilivyo, kisha aandike maana yake pembeni. Ukishapata tafsiri yenye jina la kubuniwa, hata ofisi yenye nia njema haitajua cheti hicho kilikuwa kipi.

Kwenye daftari la ofisi safu zinazotosha ni saba: nchi na chuo, jina la digrii kwa lugha yake, mwaka wa kutolewa, miaka ya masomo, fungu la UNESCO pamoja na asilimia iliyolipatia fungu hilo, ngazi na mfumo wake, na mahali pa mafunzo kwa vitendo. Safu ya mwisho ikiwa tupu usiijaze kwa kubahatisha. Mpigie mwenye cheti umuulize alipelekwa wapi, wiki ngapi, na nani alimsimamia.